Majina Yote Yaje Kwangu

Ijumaa, 3 Novemba 2017. Lawton, Havana

Nurka hayupo. Bado. Nimechemsha kahawa ya watu wawili tena, mkono umezoea. Nimekunywa vikombe vyote viwili. Moyo unanienda mbio, sijui ni kahawa au ni yeye.

Mke wangu yuko kwa dada yake Zoraida, mtaa wa Dolores, mitaa minne tu kutoka hapa. Nikipanda juu ya paa naiona kamba yao ya nguo. Leo gauni lake la manjano lilikuwa limeanikwa. Nimelitazama mpaka likaanuliwa. Na yote haya kisa cherehani! Niliuza cherehani yake nikanunua antena. Nilimweleza vizuri kabisa: cherehani ni ya mtu mmoja, antena ni ya mtaa mzima. Akafunga sanduku. Mwanamke mgumu kuelewa maendeleo.

Lakini leo nimepata wazo. Wazo zito!

Intaneti majumbani hatuna, tuna mtandao wetu wenyewe, wa nyaya na antena, paa hadi paa: tamthilia, michezo, soga, matokeo ya besiboli. Mkuu wake kwa Lawton nzima ni Yosbel, kijana wa pikipiki, miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Mimi ni mkuu wa mtaa wetu. Sasa, mashine ya kompyuta haijui majina, inajua namba. Mtu akiandika "tamthilia", mashine yake ya Linux inafungua kwanza faili dogo liitwalo hosts: kushoto namba, kulia jina. Ikiona namba, inaifuata kama kondoo. Haiulizi. Na kila Ijumaa Yosbel anatoa faili jipya la majina, nasi wakuu wa mitaa tunalizungusha nyumba kwa nyumba kwenye flashi. Kwa Zoraida nalipeleka mimi.

Leo nimempelekea faili maalumu. Kulia majina yote kama kawaida: tamthilia, soga, besiboli, mapishi, msaada. Kushoto, mbele ya kila jina, namba moja tu. Yangu! Nurka agonge popote, ataangukia kwenye mashine yangu, kwenye ukurasa niliouandaa: picha tuliyopigwa mjini Matanzas, mimi nikiwa bado mwembamba, na chini yake kwa herufi kubwa: NURKA, RUDI. KAHAWA INAPOA.

Zoraida ameipokea flashi bila kushuku kitu. Amesema nimenenepa.

Jumapili, 5 Novemba

Ushindi! Nimehesabu waliofungua ukurasa wangu tangu juzi. Zaidi ya mara sitini! Mtu hafungui sura ya mumewe mara sitini kama hana mapenzi. Jana usiku alifungua, leo asubuhi akafungua, mchana amefungua mfululizo. Maskini Nurka wangu, kumbe naye anaungua kimyakimya.

Nimefagia nyumba. Nimebadilisha foronya. Upande wake wa kitanda nimeuacha bila kuugusa, kuna unywele wake mmoja hapo na sitaki upotee.

Jumatatu, 6 Novemba

Aibu. Aibu tupu.

Nimeenda kuchukua mkate, foleni nzima ikanipokea kwa sauti moja: "Evelio, kahawa inapoa!" Mzee Fermín, anayekaa ghorofa ya chini kwa kina Zoraida, amenishika ukosi. Amesema alitaka matokeo ya timu yake ya besiboli, Industriales, akanipata mimi. Akataka mapishi ya bata, akanipata mimi. Amesema katika miaka yake themanini hajapata kuchoka na sura ya mtu kiasi hiki, hata mkwe wake.

Kumbe Zoraida, akishapakia faili, huipitisha flashi kwa jirani, jirani kwa jirani, mpaka ghorofa ya juu. Ndivyo tunavyofanya sote. Kitu hakiozi kwa mtu mmoja, nakili umpe mwenzio. Na aliyewafundisha hivyo ni nani? Mimi! Kwa majivuno, na mkutano niliuitisha!

Kwa hiyo jengo zima, kila jina wanaloligonga, linawaleta kwangu.

Nilikuwa nimekwishakaa kufuta kila kitu ndipo nikaona. Jina la "msaada" nalo nimelielekeza kwangu. Malalamiko yote yanayokwenda kwa Yosbel yanaingia kwenye mashine yangu. Kumi na tano ya mzee Fermín, yana matusi ya zamani ambayo sasa hayasikiki tena. Na moja la Nurka.

La Nurka! Amemwandikia Yosbel kwa heshima, kijana wangu, samahani kukusumbua, kila nikitafuta tamthilia ananitokea mume wangu, nifanyeje.

"Mume wangu." Hakuandika "yule". Nimelisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, nikalisoma tena.

Sifuti.

Jumanne, 7 Novemba

Nimemjibu. Kama msaada, siyo kama mimi. Nimeomba radhi kwa usumbufu, nikasema wataalamu wanalishughulikia, na nikamwuliza tamthilia yenyewe ilikuwa imefikia wapi, ili tujue pa kuanzia.

Amenieleza. Yote! Yule mjane mwenye shamba la kahawa, mdogo mtu aliyeghushi wosia, daktari kipofu. Nimesoma kila neno. Miaka kumi na tisa ameitazama hiyo tamthilia na nyinginezo pembeni yangu, sikupata kumwuliza hata siku moja. Nikamwuliza yeye anadhani nani aliiba pete. Akajibu aya tatu. Anachekesha, Nurka. Nilikuwa nimesahau.

Mwishoni akaandika kwamba nina masikio ya kusikiliza, kwamba mumewe angekuwa ameshamwambia mwisho wa hadithi na kisha akamweleza namna antena inavyofanya kazi.

Furaha na kisu kwa pamoja. Anamsifu Yosbel! Yosbel ambaye hajaandika hata nukta! Jioni nimekutana naye kona ya mtaa wa Porvenir, akanisalimu, "Vipi, mzee Evelio." Nikamgeuzia mgongo. Akabaki amesimama na miwani yake.

Jumatano, 8 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Gauni la manjano halikuanikwa. Nimepanda juu ya paa hata hivyo.

Nurka akamwandikia msaada kwamba kule kwa dada yake kuna baridi. Nami, kwa kujisahau, nikamwuliza goti la kushoto linasemaje, maana mvua ikinyesha huwa linamsumbua, alikande kwa mafuta ya moto kabla ya kulala.

Akauliza msaada amelijuaje goti lake. Na amejuaje kuwa ni la kushoto.

Jasho! Nikamjibu kwamba sisi wa mitandao tunajua mambo hayo, unyevu unaoingia kwenye nyaya ndio huohuo unaoingia kwenye magoti. Nadhani nimejiokoa vizuri sana.

Nilikwenda jikoni mara nne nikarudi. Kisha akaandika: "Sawa, mtaalamu."

Akaongeza kwamba goti limepoa kidogo, asante, na kwamba mumewe naye alikuwa akimkandia zamani, kabla hajaoa antena.

Nimelala chali nikitazama dari. Mikono yangu ilikuwa inalikumbuka hilo goti.

Alhamisi, 9 Novemba

Asubuhi, mambo mabaya. Yosbel amekuja na pikipiki. Mzee Fermín, alipoona msaada haujibu matusi yake, amejivuta na mkongojo mpaka mlangoni kwa Yosbel mwenyewe. Yosbel amevua miwani. Sijawahi kumwona macho, madogo kumbe. Amesema kwenye mtandao wetu mtu anaweza kusamehewa mengi, hata kuzima umeme wa jirani, lakini kuchezea majina ni sawa na kubadilisha namba za milango ya watu. Watu wanabisha kwa mama zao wanafunguliwa na wewe! Kesho ni Ijumaa. Nipeleke faili safi jengo lile, la sivyo waya wangu ataukata mwenyewe kwa koleo, mbele ya mtaa.

Nikamwambia wivu ni ugonjwa. Akaniuliza wivu wa nini. Nikamwambia anajua. Akaondoka akitikisa kichwa.

Jioni, mambo mazuri! Ujumbe wa Nurka kwa msaada. Amesema kama msaada anamfahamu Evelio, na anaamini anamfahamu, basi amwambie: Jumapili saa sita mchana anapika wali na maharage meusi, muhogo kwa kitunguu saumu, na mlango utakuwa wazi. Aje kwa miguu. Asije na waya, wala flashi, wala wazo. Jambo moja tu anamwomba: njiani asiguse kitu chochote. Atembee, abishe, akae mezani. Wakila vizuri, watazungumza habari ya kurudi.

Kurudi! Ameandika kurudi!

Nimecheza peke yangu sebuleni. Kitu kimoja tu kinanikera: kwa nini amwambie Yosbel mambo ya nyumbani kwetu? Na kwa nini anaamini Yosbel ananifahamu sana? Kuna jambo hapa.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimepeleka faili safi. Kila jina na namba yake ya halali. Nilikuwa kama ninayeng'oa meno yangu mwenyewe. Kuanzia leo msaada ni Yosbel kweli, na mimi ni mtu tu mwenye namba.

Zoraida amefungua mlango upana wa kiganja. Ameuliza, "Hii ni safi, shemeji, au umo ndani tena?" Nikamwapia kwa mama yangu. Akasema mama yangu asingekubali.

Nyuma yake nikasikia Nurka akiimba kwa pua, ule wimbo wake wa kuosha vyombo. Hatua sita kutoka nilipo. Harufu ya sabuni yake. Mlango wazi upana wa kiganja, neno moja lingepita. Nikakohoa. Wimbo ukakatika, akawa anasikiliza, najua alikuwa anasikiliza!

Nikasema: "Msisahau kuzima mashine na kuiwasha."

Na wala haihitajiki. Faili la majina linasomwa palepale. Mtu wa kazi hii miaka yote, na uongo wenyewe umenishinda.

Jumamosi, 11 Novemba

Matayarisho. Guayabera nyeupe, shati langu la sherehe, nimeipiga pasi mwenyewe, imetokea na ramani ya kuungua kifuani. Nimenyoa, nimejikata. Nimepata keki yenye krimu ya waridi kwa jirani aliyekuwa na sherehe ya binti yake kutimiza miaka kumi na tano, kipande chenye ua.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: Nurka, nisamehe cherehani. Mara ya kwanza nimeanza kumweleza kioo kuhusu antena. Nikaacha. Mara ya tatu nimesema vizuri, na machozi yakanilengalenga.

Kesho. Ee Bikira Mama wa Cobre, nipitishe mitaa minne tu.

Jumapili, 12 Novemba

Nitaandika kwa utulivu.

Nimetoka mapema. Kwa miguu. Bila waya, bila flashi. Keki mkononi. Jua zuri, watu wananisalimu, hata wale wa "kahawa inapoa" wanasema kwa upole. Mtaa wa kwanza, salama. Wa pili, salama. Wa tatu ni wa Yosbel.

Nimeinua macho kidogo tu. Juu ya paa la Yosbel, ile antena kuu, ambayo siku zote inatazama upande wa kilima, imegeuzwa. Nimefuata mdomo wake kwa kidole. Dolores. Roshani ya Zoraida! Kamba yenyewe ya nguo!

Damu ikanipanda. Kumbe! Ndiyo maana anaambiwa habari za wali! Nikaiweka keki juu ya ukuta. Ngazi ya chuma ilikuwa imeegemezwa hapohapo, kama imeandaliwa. Nilisema moyoni naigusa kidogo tu, upana wa kidole, kisha nakwenda zangu kula. Nilikuwa na nusu saa nzima.

Nikaigusa. Ilikuwa imelegea kuliko nilivyodhani. Ikazunguka ikatazama makaburi.

Sikujua kama leo ilikuwa fainali ya mashindano ya michezo ya mtandaoni, mitaa yote imekaa mbele ya mashine. Mchezo ukakatika kwenye kila kioo. Kisha Lawton nzima ikapiga kelele. Madirisha yakafunguka, vijana wakatoka vifua wazi, kina mama na mwiko mkononi. Kila mtu akatazama juu, na juu nilikuwa mimi, guayabera nyeupe, naonekana kutoka kila upande.

Waliondoa ngazi. Wakasema sishuki mpaka niirudishe ilipokuwa. Yosbel akapanda kupitia ndani, hakunipiga, afadhali angenipiga. Tukaanza. Roshani zote zinaniamuru: Kushoto! Hapana, kushoto kwako, mbwa wewe! Rudisha! Ilikuwepo, umeipitiliza! Saa sita ikalia. Nikamwomba Yosbel anishushe, nina mtu ananisubiri. Akasema wana Lawton wote nao wanasubiri.

Ndipo akanieleza, huku ameshika bomba la antena. Ijumaa jioni, baada ya faili safi, Nurka alimwendea nyumbani kwake. Alilalamika kwamba sasa anapata tamthilia, anapata mapishi, ila ukurasa wa mumewe haupatikani. Hauna jina popote. Akamwomba amwonyeshe jinsi ya kuongeza mstari kwenye faili lake mwenyewe. Akauandika kwa mkono wake: kushoto namba yangu, kulia jina alilolichagua mwenyewe. "Mzeewangu."

Na kwa kuwa ukurasa ulikuwa unafunguka kwa kusuasua, jana Yosbel amepanda akaielekeza antena kwenye roshani ya Zoraida. Ili Nurka anifikie mimi.

Niliendelea kugeuza bomba, kushoto, kulia, kama nilivyoambiwa.

Nimeteremka saa nane. Keki mbwa ameila, amebakisha ua. Nimekimbia mtaa wa nne wote na kutu kifuani. Mlango wa Zoraida umefungwa. Nimebisha, ametoka yeye, na sahani iliyofunikwa sahani nyingine. Amesema dada yake alikaa mlangoni na gauni la manjano mpaka wali ukapoa. Aliposikia makelele alitoka kwenye roshani kuangalia ni nini, na akaniona mimi juu ya paa la watu. Akaingia chumbani. Ameambiwa mtu jambo moja, Zoraida alisema, moja tu, asiguse kitu njiani.

Nikauliza kama naweza kuingia. Akasema, "Leo hapana, shemeji. Nenda ukale."

Nimekula nyumbani, nimesimama, kwa kijiko chake. Maharage yake yana kitu fulani ndani yake ambacho mimi sijawahi kukipata. Nililia kidogo. Kidogo siyo sana.

Jumatatu, 13 Novemba

Asubuhi Zoraida amepita kuchukua sahani. Amenikuta na kahawa ya watu wawili, akanywa ya Nurka, nikamkasirikia. Amesema mstari wa "mzeewangu" bado umo kwenye mashine. Nurka alikaa mbele yake usiku, akaugusa kwa kidole, hakuufuta. Nurka amesema atauacha mpaka Ijumaa. Ijumaa faili jipya litakapokuja atalipakia bila kuongeza kitu, na hapo basi. Mwenye miguu anajua pa kubisha.

Nimefikiri siku nzima, na sasa naona mambo yalivyo. Kwanza, mpango wangu ulifaulu! Nilitaka Nurka afike kwangu, naye ameuandika mstari kwa mkono wake mwenyewe. Hilo halina ubishi. Kilichotuangusha ni antena. Ile ya Yosbel imelegea, na hii yangu ni ndogo. Ningekuwa na kubwa, ile ya sahani mbili, ningemfikia moja kwa moja kutoka paa langu, bila kumtegemea mtu, na wala nisingekuwa na sababu ya kupanda kwa watu.

Ningeweza kwenda sasa hivi. Ni mitaa minne. Taa yake naiona kutoka hapa juu, na kivuli chake kinapita. Lakini mkono mtupu haulambwi. Nitamwambia nini nikifika? Nikiwa na antena, nitakuwa na la kumweleza.

Friji letu lina nini siku hizi? Chupa ya maji na nusu limau. Lile friji alilipenda, ni kweli, alilifunika kitambaa alichokishona mwenyewe. Kitambaa nitamhifadhia. Nimekwisha kuzungumza na mtu wa mtaa wa Concepción, antena anayo, friji analitaka, tutabadilishana.

Anakuja kulichukua Ijumaa. Amesema nisitoke nyumbani kutwa, hana saa maalumu. Faili la Zoraida nitamwomba Yosbel alipeleke.

Nurka nitambishia Jumamosi.